Rangi ya Gari Yako Bado Ipo

Mimi ni fundi wa rangi ya magari mjini Goma. Kazi nilijifunza nikiwa kijana, katika garaji moja upande wa Birere, na kwa miaka mingi kila gari lililopauka au kukwaruzika lilipoletwa, mafundi wote tulikuwa na jibu moja: lipulizwe rangi upya. Leo jibu langu ni jingine. Limebadilika pamoja na kazi yangu, pamoja na afya ya kifua changu, na hata namna ninavyolitazama gari linapopita barabarani. Naandika ushuhuda huu kwa sababu kila wiki naona watu wa mji huu wakitoa dola walizozipata kwa jasho ili kuondoa kwenye gari kitu chema ambacho hawataweza kukinunua tena, yaani rangi ya kiwandani.

Anayetaka kuelewa rangi za magari ya Goma aanze na ardhi. Mji wetu umekaa juu ya lava. Mlima wa volkeno Nyiragongo ulilipuka tarehe 17 Januari 2002, moto ukateremka hadi katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Ulilipuka tena jioni ya 22 Mei 2021, na safari hiyo lava ikakoma Buhene, mlangoni mwa mji. Mawe hayo meusi ndiyo tunayojengea kuta na misingi, ndiyo tunayomwaga barabarani, na kila lori linalopita linayasaga. Katika unga wake mna chembe za kioo cha volkeno na za madini ambayo ugumu wake unakaribia ule wa kioo cha dirisha, na mengine yanaupita. Rangi ya gari, hata itoke kiwanda gani, ni laini kuliko hayo. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua inapokatika, vumbi hilo hulala juu ya boneti usiku kucha, na asubuhi anakuja mtu na kitambaa kikavu. Anafuta haraka, anaridhika kwamba gari limekuwa safi, anaondoka. Chembe zile zimeburutwa kutoka upande mmoja wa boneti hadi mwingine, na kila moja imeacha mstari wake.

Mlima unatutumia na moshi pia. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira hutoa gesi ya salfa, na upepo mara nyingi huipeleka magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Ikichanganyika na mvua, maji yanageuka kuwa na asidi. Wenye nyumba huko wanajua jinsi mabati yao yanavyoliwa. Tone la mvua hiyo likikaukia juu ya gari, jua likalipiga, linabaki duara jeupe ambalo sabuni hailiondoi. Magari yanayokwenda Sake kila siku nayatambua kwa madoa hayo kabla dereva hajafungua mdomo.

Na maji yenyewe ni shida. Mwamba wa lava haushiki maji, visima ni vigumu kuchimba, na familia nyingi bado zinabeba bidoni za maji kutoka ziwani au kuzinunua kwa wenye pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Kijana anayeosha magari kando ya barabara analipia kila bidoni. Anaipima. Ndoo moja, sifongo moja, sabuni ya unga ya kufulia, na magari yanapokezana. Kufikia mchana ile ndoo ina mchanga mweusi chini, na sifongo inachovya humo humo. Simlaumu kijana huyo hata kidogo. Bei anayolipwa haimwachii nafasi ya kumwaga maji.

Sasa nirudi kwenye garaji yetu. Tulikuwa tunapuliza rangi na vanishi za aina ile inayochanganywa na dawa ya kuikaza. Dawa hiyo ina kemikali ziitwazo isosianati, na ukungu wake ukivutwa bila kinyago maalumu unaweza kuleta pumu ambayo haitoki. Sisi tulijifunga kitambaa puani. Chumba kilikuwa kimezungushiwa plastiki ili vumbi lisiingie, kwa hiyo ukungu nao haukutoka. Nilianza kukohoa usiku, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi hata mchana. Mke wangu ndiye aliyenisukuma hadi hospitali. Daktari aliniuliza kwanza ninafanya kazi gani, akasikiliza, akaniambia dawa atanipa, ila dawa haitashinda ikiwa kila asubuhi nitarudi kuvuta ukungu ule ule. Nina watoto. Kazi nyingine sikuijua. Nilitoka pale nimeshika karatasi ya dawa na sijui nielekee wapi.

Aliyenifungulia njia alikuwa yaya mmoja, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa hapa kwetu, wa mtaa wa Katindo. Alikuwa amefanya kazi Dubai, mahali panapotunza magari ya watu wenye fedha, na alirudi nyumbani na sanduku la vifaa vyake. Alikuja garajini kuomba umeme, kwa sababu kwao ulikuwa umekatika. Akaiona jeep nyeusi iliyopangwa ianze kupigwa msasa.

"Hii inaenda wapi?" akauliza.

"Inapulizwa yote, yaya. Mwenyewe anasema rangi imekufa."

Akatoa simu, akawasha tochi yake, akaisogeza karibu na mlango. Pale mwanga ulipoangukia, mlango wote ulijaa duara juu ya duara, nyembamba sana, utando wa buibui mtupu.

"Haijakufa, mdogo wangu. Iko chini ya hii mikwaruzo. Pitisha ukucha, usikie."

Nikapitisha ukucha. Haukunasa popote. Mkono ulisema mlango ni laini na jicho likasema umeharibika, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Alinieleza, nami tangu hapo nimewaeleza wengi. Bodi ya gari la siku hizi hufunikwa kwa tabaka kadhaa: kwanza la kuzuia kutu lililoshikana na chuma, kisha la msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi. Yote kwa pamoja, yakitoka kiwandani, kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 150, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vanishi peke yake mara nyingi ni kama mikroni 40 au 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Ile mikwaruzo ya kuoshea na kufutia hukaa katika sehemu ya juu kabisa ya vanishi. Haijagusa rangi. Kinachotokea ni kwamba kingo za kila mkwaruzo hutawanya mwanga badala ya kuurudisha sawasawa, na gari jeusi linaonekana kijivu. Hata zile duara si duara hasa. Mikwaruzo imelala kila upande, lakini jicho linaona tu ile inayokatiza njia ya mwanga, ndiyo maana inajipanga kulizunguka jua au taa. Sogea hatua moja na duara zinasogea nawe.

Kupiga polishi kwa mashine ni kuisawazisha ile sehemu ya juu hadi ifike chini ya mikwaruzo. Unaondoa mikroni chache, na mwanga unarudi kama ulivyokuja. Hakuna kinachoongezwa. Hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima: vanishi hairudi. Viungo vinavyoikinga na jua vimo ndani yake, na ukiila mno itapauka na kubanduka baada ya misimu michache. Fundi mzuri anaondoa kidogo kuliko anavyoweza.

Kwa hiyo mashine ina maana kubwa. Katika mji huu nimeona mara nyingi kipande cha sufi kikifungwa kwenye mashine ya kukatia chuma. Mashine hiyo ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Mashine ya polishi ya kuzunguka moja kwa moja hufanyiwa kazi kwenye mizunguko elfu moja na kitu. Tofauti hiyo ni joto. Kwenye pembe za milango na mikunjo ya boneti, ambako vanishi ni nyembamba zaidi, sufi yenye kasi ile hufika kwenye rangi kwa kufumba na kufumbua, na hapo kweli hakuna dawa ila kupuliza. Yaya alinifundisha kwa mashine ya aina nyingine, ambayo kichwa chake kinazunguka na papo hapo kinatikisika nje ya kitovu. Inakata polepole, joto ni dogo, na haiachi zile alama za mawimbi ambazo mashine ya kuzunguka huziacha zikajionyesha juani. Kwa anayeanza, nasema bila kusita, achukue hii.

Kwa ile jeep nyeusi tuliomba ruhusa ya mlango mmoja tu. Tuliuosha kwa maji mengi, tukaupitishia udongo laini wa kusafishia rangi, ule unaonyofoa chembe zilizojibandika ambazo sabuni haizigusi. Chembe zilizotoka zilikuwa nyeusi, za mawe yetu. Tukaziba kwa utepe pembe, mipira ya vioo na plastiki. Kisha yaya akafanya jambo lililonishangaza: alichagua sifongo laini na dawa ya polishi laini kuliko zote, akajaribu mahali padogo pasipozidi kiganja. Haikutosha. Akapanda daraja moja, akajaribu tena. Akapata. Baada ya hapo hakupanda tena. Sisi garajini tulizoea kuanza na kilicho kikali ili tumalize mapema, naye aliniambia kikali unakitumia pale tu laini imeshindwa, na mahali palipojaribiwa ndipo panaposema.

Matone machache ya dawa kwenye sifongo, eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, mashine imelazwa sawasawa juu ya bati kabla ya kuwashwa, mkono unakwenda taratibu na kila mpito unafunika nusu ya uliotangulia. Ndani ya dawa mna unga laini wa oksidi ya alumini, nao ndio unaokata. Sikiliza mlio wa mashine. Ukibadilika kuwa mzito, sifongo imeshiba, isafishe. Gusa bati kwa mgongo wa mkono. Likiwa la moto, simama. Usifanye kazi hii juani wala kwenye gari lililotoka safari. Tulipomaliza alifuta kwa kitambaa chenye nyuzi laini kabisa, akapuliza spiriti iliyochanganywa na maji, akafuta tena, kwa sababu mafuta yaliyomo ndani ya dawa hujaza mikwaruzo na kukudanganya kwamba umeiondoa. Ndipo akawasha tochi.

Niliona sura yangu kwenye ule mlango. Niliona na waya za umeme nyuma yangu, moja moja. Rangi niliyokuwa nimeambiwa imekufa ilikuwa nyeusi yenye kina ambayo mikono yangu haikuwahi kuipata kwa kupuliza, katika miaka yote ya kupuliza.

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wake. Niliacha garaji, nikaanza kwa kuazima mashine yake siku ambazo haitumii. Umeme ulikuwa kikwazo cha kwanza, maana jenereta dogo linaloshuka na kupanda huiua mashine. Ulipofika mjini ule unaotoka mtambo wa Matebe kule Rutshuru, uliozinduliwa mwaka 2015, kazi yangu ilipata pumzi. Nami nikapata pumzi. Nafanya kazi mlangoni mwa banda, hewa inapita, hakuna ukungu. Kile kikohozi cha usiku kiliondoka polepole, na filimbi ya kifuani siku hizi naisikia mara chache, zaidi wakati wa vumbi kali. Dawa yangu bado naiweka karibu. Lakini nalala.

Papa mmoja, mzee mstaafu, alikuja na gari lake la rangi ya buluu iliyokolea, lililoingia kutoka Japani kupitia Mombasa, na usukani wake bado upande wa kulia. "Mwanangu," alisema, "wamenipa bei ya kulipuliza lote, na bei hiyo sina." Nilimwomba anipe muda niliangalie lote kwanza. Nilitumia kifaa kinachopima unene wa rangi juu ya chuma. Paa na boneti vilikuwa na unene wa kiwandani. Mlango wa nyuma ulisoma zaidi ya mara mbili yake. Maana yake uliwahi kupulizwa kabla hajalinunua, na alisikitika kulisikia hilo. Ubavuni kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa mkono wa chukudu. Ukucha ulinasa, na ndani yake rangi ya msingi ilikuwa inaonekana.

"Papa, huu sitauondoa. Ukiona mtu anakuambia atauondoa kwa mashine, atakula vanishi yote ya pembeni na mkwaruzo bado utabaki. Huu tutauziba kwa brashi ndogo, usishike kutu. Mengine yote yatatoka."

Alikaa kwenye kiti siku nzima akinitazama, tukazungumza habari za mji wa zamani kabla ya lava ya 2002. Jioni aliondoka na gari lake kwa sehemu ndogo tu ya ile bei aliyopewa. Ule mstari wa chukudu bado upo na hauonekani kwa mbali. Rangi yake ya kiwandani bado ipo pia, na hilo ndilo nilitaka.

Niseme na hili, kwa kuwa linaharibu jina la kazi yetu. Zipo dawa zilizojaa nta na silikoni zinazojaza mikwaruzo bila kuiondoa. Gari linang'aa siku ya malipo, baada ya kuoshwa mara chache kila kitu kinarudi. Si dhambi kuzitumia ikiwa mwenye gari ameambiwa. Lakini asipoambiwa ameibiwa. Ndiyo maana mimi humfutia mteja kwa spiriti mbele ya macho yake, kisha namkabidhi tochi ashike mwenyewe. Pia yapo magari, hasa Land Cruiser nyeupe nyingi zilizopita mikononi mwangu, ambayo juu hayana vanishi. Rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Ukiyapiga polishi sifongo inageuka nyeupe. Mteja asiogope akiona hivyo, ila fundi ajue kwamba kila weupe anaouona kwenye sifongo umetoka kwenye gari.

Tangu mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, maisha ya hapa yamekuwa magumu kwa namna ambayo msomaji wa mbali anaweza kuikisia. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ulifungwa, fedha ya mkononi ikawa adimu. Gari jipya halinunuliwi kirahisi. Watu wanashikilia walichonacho, na dereva wa teksi anayelisha nyumba nzima kwa gari moja anataka lidumu na lisimdharaulishe mbele ya abiria. Kwa mtu huyo, kupuliza gari lote ni mzigo usiobebeka. Kuokoa rangi iliyopo kunawezekana.

Ila jambo ambalo limenibadilisha zaidi ni lile la ndoo. Nilichoka kuona gari nililolisafisha kwa mikono yangu likirudi baada ya mwezi na utando ule ule. Vanishi haina mikroni za kuchezea kila mwezi. Basi nikaanza kwenda kukaa na vijana wanaoosha magari, bila kuwafokea, nikiwaonyesha kwa tochi kile ambacho kitambaa kikavu hufanya. Tulikubaliana mambo machache. Maji kwanza, ya kumwaga, kutoka paa kwenda chini, kabla mkono haujagusa gari, ili mchanga uondoke wenyewe. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sifongo. Sabuni ya kuoshea magari, au hata ya maji ya kuoshea vyombo ikikosekana hiyo, kuliko ya unga ambayo huacha chembe zisizoyeyuka. Sehemu za chini na magurudumu mwisho, kwa kitambaa chake pekee. Vumbi kavu halifutwi kamwe. Kijana mmoja aliniuliza, "Yaya, na hayo maji ya ziada nani atayalipa?" Swali lake lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu isipokuwa kwenda kulisema kwa wenye magari.

Ndiyo maana naandika. Wewe mwenye gari Goma, Sake, Bukavu, au popote penye vumbi, kabla hujakubali gari lako lipigwe msasa na kupulizwa, lioshe vizuri, liwekee tochi, pitisha ukucha juu ya mikwaruzo. Ikiwa haunasi, tafuta fundi mwenye mashine sahihi, mwambie aanze na mahali padogo kwa dawa laini, na umwombe afute kwa spiriti ukiwa umesimama hapo. Na kijana anayekuoshea gari, mwongezee bei ya bidoni mbili.